Mpini wa Magome: Uchambuzi wa Kisu cha Wawindaji wa Ufini

Kisu kiitwacho puukko, ambacho wawindaji na wakata miti wa Ufini wamekivaa kiunoni kwa vizazi vingi, ni kifupi na hakina kikingio cha vidole baina ya bapa na mpini, hivyo kwa anayekitazama mara ya kwanza huonekana chombo rahisi mno kustahili kuchambuliwa. Hata hivyo, aina yake yenye mpini uliojengwa kwa magome ya mbetula, mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, hudhihirisha vyema hesabu ya fundi, kwa kuwa hatua nyingi za utengenezaji wake huamuliwa na hatua moja ya mwishoni, pale mkia wa chuma unapogongwa na kuufunga mpini mzima.

Kazi huanza na feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo, mara nyingi karibu asilimia 0.8, ambayo ndiyo hukiwezesha kuwa kigumu kikipozwa ghafla. Kipande hicho hufuliwa kikiwa chekundu hadi kitoe bapa la sentimita 8 hadi 10 pamoja na msuka, yaani sehemu nyembamba inayoingia mpinini, ambao hapa hurefushwa mpaka upite mpini wote na kuchomoza upande wa pili. Bapa hupashwa moto hadi nyuzi 800 za Selsiasi hivi, likatumbukizwa katika mafuta, kisha likarudishwa kwenye joto la takriban nyuzi 200 ili ugumu upungue kidogo na makali yasimeguke yanapogusa mfupa. Msuka huachwa laini, kwani chuma kilichokwisha kuwa kigumu hakikubali kugongwa kikiwa baridi bila kupasuka, na fundi anayesahau jambo hili hugundua kosa lake mpini ukiwa tayari umejengwa.

Gome nalo huvunwa mwanzoni mwa majira ya joto, hasa Juni, maji ya mti yanapopanda kwa nguvu na tabaka la nje kuachana kwa urahisi na la ndani. Mvunaji hodari hukata la nje tu, kwa sababu la ndani ndilo linalopitisha chakula cha mti, na likikatwa kwa kuzunguka shina lote mti hufa. Tabaka la nje lina suberini, dutu ya jamii ya nta iliyomo pia katika vizibo vya chupa na inayozuia maji kupenya, pamoja na betulini, ambayo hulipa gome weupe wake. Ndiyo maana gome huonekana zima msituni hata baada ya gogo lililomo ndani kuoza, na mpini wake hauvimbi kwa theluji wala damu, hauumizi kiganja kwa baridi kama ufanyavyo wa chuma, na hushikika hata mkono ukiwa na mafuta ya mnyama.

Baada ya kulazwa chini ya uzito hadi yanyooke, magome hukatwa vipande vya mraba vyenye upana wa sentimita 4 hivi, kila kimoja kikitobolewa tundu dogo kuliko msuka ili kiung'ang'anie. Kwa kuwa gome moja mara nyingi halizidi milimita 2, mpini mmoja hula makumi ya vipande, navyo hupangwa kwa kupishanisha mwelekeo wa nyuzi, kwa vile gome husinyaa zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Mwanzoni na mwishoni huwekwa noleo, kipande cha shaba ya manjano kinachokumbatia msuka, kisha rundo zima hubanwa kwa jiliwa, likaachwa litulie, likabanwa tena. Baadhi ya mafundi hulipasha joto likiwa limebanwa, ili utomvu ulegee na kugandisha tabaka. Wapo wanaotumia gundi ya viwandani, lakini gundi hiyo mara nyingi huficha ubanaji wa pupa, ambao ndio chanzo cha mipini inayolegea. Ncha ya msuka hugongwa juu ya noleo la mwisho hadi ipanuke, na hapo ndipo mpini huchongwa kwa kisu, ukasawazishwa kwa tupa na msasa.

Katika mji wa Kauhava, ambako Iisakki Järvenpää alianzisha karakana yake mwaka 1879, visu vingi vilipambwa kwa kichwa cha farasi cha shaba mwishoni mwa mpini. Pambo hilo lilivipa sifa sokoni, ingawa kwa mchunaji ngozi halina faida yoyote. Lenye faida ni umbo la makali, mteremko mmoja mpana kila upande wa bapa, ambao hulala wenyewe juu ya kinoo na kumwondolea mwindaji shida ya kukisia pembe ya kunolea akiwa porini. Ukosefu wa kikingio ni hatari kwa kuchoma, lakini kisu hiki kimekusudiwa kukata na kuchuna, kazi ambazo vidole huhitaji kusogea hadi karibu na makali.

Ala hushonwa kwa ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya miti, ikiwa bado imelowa maji, huku kisu kilichopakwa mafuta na kufungiwa kikiwa ndani. Ndani ya ala hutiwa ganda la mbao lililochongwa kwa umbo la bapa ili makali yasikate mshono. Ngozi ikikauka husinyaa na kubana sehemu kubwa ya mpini, hivyo kisu hukaa bila kamba wala kifungo. Lakini ala iliyolowa ikikaushwa karibu na moto husinyaa kupita kiasi na kuwa ngumu, na kisu chake hakiingii tena.