Mtumwa na Mtumishi katika Lugha ya Ibada

Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iitwayo Union Version, Mariamu ajitaja mbele ya malaika kuwa mjakazi, na Paulo ajiita mtumwa wa Kristo. Tafsiri ya Habari Njema, iliyokuja baadaye, yawaita wote wawili watumishi.

Yafaa tukumbuke neno lile la kwanza liliangukia masikio gani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa mahali palepale. Hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria ila mwaka 1897. Wengi wa Wakristo wa kwanza wa hapo walikuwa watu waliokombolewa. Kuwaambia wajiite watumwa tena, hata wa Mungu, halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo naona tumepoteza kitu. Mtumishi ana ujira wake, na akipenda huacha kazi. Mtumwa hana lake, riziki na kinga vyote avitazamia kwa bwana wake. Neno la Kiyunani, doulos, lataka unyonge huo, na hapo ndipo unyenyekevu na imani vinapokutana. Tena siku hizi “Mtumishi” limekuwa jina la heshima la wahubiri (wa serikali siwataji), na neno la kushusha sasa lapandisha.

Mtume, mtumwa na mtumishi yote yatoka katika kutuma. Kwa umbo lake, mtumwa ni aliyetumwa tu. Lakini kwa msikilizaji wa Pwani maana hiyo imekwisha kufunikwa na ile ya sokoni, wala sidhani mfasiri aweza kuifukua kwa maelezo ya pambizoni.