Marisau Yanayopotea: John Wick kwenye Kibanda Umiza cha Ndandalo

Kama umekulia Tanzania huhitaji kuelezwa kibanda umiza ni nini: mabenchi ya mbao, joto, runinga moja, na mtafsiri ambaye hajawahi kunyamaza. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ndandalo, wilayani Kyela, na jioni moja nikalipa mia tano yangu kuangalia John Wick: Chapter 2, muvi ya mwaka 2017 ya mwongozaji Chad Stahelski. Nilikwenda na baba yangu mdogo. Yeye ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la kakao, na kazini anashika shotigani. Naomba ulikumbuke hilo, maana bila yeye nisingeandika chochote. Ningecheka na wenzangu nikarudi kulala.

Tulipotoka nje baba mdogo akaniambia, "Umeona, mwanangu? Ile mashine haina haja ya kulenga. Unaelekeza tu huko, inasomba." Waliokuwa mlangoni wakaitikia. Nikasema si kweli. Wakaniambia niache mambo ya vitabu.

Sasa twende taratibu. Kwanza jina. Kwenye habari nyingi za polisi utaikuta imeandikwa "short gun", kana kwamba ni bunduki fupi. Si fupi. Ya baba mdogo ukiisimamisha inamfika kiunoni na kupita. Kinachoitofautisha na raifo ni ndani ya mtutu: raifo ina mifereji inayoizungusha risasi moja ili iende moja kwa moja, shotigani ni laini tupu na kwa kawaida hutoa chembe nyingi kwa mpigo mmoja, yaani marisau. Kwa hiyo ndugu yake wa karibu ni gobore la babu, ambalo nalo ni laini ndani, ila hilo unalishindilia baruti na gololi kwa mdomoni. Ile namba 12 utakayoisikia nayo ina asili ya kuchekesha kidogo. Chukua madini ya risasi yenye uzito wa ratili moja, gramu 454, ugawe gololi 12 zilizo sawa. Kipenyo cha gololi moja, kama milimita 18.5, ndicho upana wa mtutu. Vipimo vya kizamani, lakini dunia nzima bado inavitumia.

Turudi kwenye muvi. Nianze kwa kuisifu, kwa sababu inastahili. Steringi, Keanu Reeves, anakwenda Roma, na huko kuna muuza silaha anayeongea kama mhudumu wa mvinyo kwenye hoteli kubwa. Anampa Benelli M4, shotigani ya Kiitaliano ambayo kikosi cha Marine cha Marekani kiliichagua mwaka 1999 na kuiita M1014. Hii haihitaji kukokiwa kila baada ya mlio. Sehemu ya gesi ya baruti inapenya kwenye matundu madogo ya mtutu, inasukuma pistoni mbili fupi, nazo zinarudisha chuma cha nyuma, ganda lililotumika linaruka nje na jipya linaingia. Muuzaji anajisifia vikono vilivyokuzwa na mishiko iliyokwaruzwa isiteleze mkono ukilowa. Mtafsiri wetu hapo akasema, "Hii bunduki, jamani, haikosi!" Hakuna aliyesema hivyo kwenye muvi.

Halafu tunashuka kwenye mapango ya makaburi, na hapo ndipo muvi inapokuwa nzuri kweli. Reeves alifundishwa na Taran Butler, bingwa wa mashindano ya bunduki tatu, yale ambayo mtu anakimbia kutoka shabaha hadi shabaha akitumia bastola, raifo na shotigani, na muda unahesabiwa hadi sehemu ya mia ya sekunde. Inaonekana. Bunduki inakaa begani. Jicho liko juu ya mtutu. Magazini ni bomba lililo chini ya mtutu, linabeba magamba machache, na yanaisha! Ni nadra sana kwa steringi kuishiwa. Kuna mahali anamgandamiza adui ukutani kwa mtutu wa bunduki tupu huku mkono mwingine unasweka ganda. Ukumbi wetu ulipiga kelele, na mtafsiri akaongea juu ya sekunde hizo zote, akazifunika zile "klik" ndogo ambazo mwongozaji aliziacha zisikike kwa makusudi. Kosa lake kubwa kuliko lile la "haikosi".

Maana hebu fikiria vifaa vyenyewe. Ukitazama shotigani ya mashindano ya leo utakuta bomba la magazini lililorefushwa, mdomo wa kujazia uliochongwa ukawa mpana ili vidole visweke magamba manne kwa mkupuo, kikono kikubwa cha kukoki, na mara nyingi kioo kidogo juu chenye nukta nyekundu ya kulengea. Jiulize: kama silaha haihitaji kulenga, nukta nyekundu ni ya nini? Na kama mlio mmoja unasomba chumba kizima, kwa nini watu wafanye mazoezi miaka mingi kupunguza nusu sekunde ya kujaza? Kila kifaa kilichoongezwa kinakana alichosema baba mdogo.

Hesabu zinasema hivyo hivyo. Kwa mtutu ulio wazi, usiobanwa mdomoni, marisau hutawanyika kwa kadiri ya sentimita 2.5 kwa kila mita. Mapigano mengi mle makaburini ni ya hatua chache. Kwa mita 5 unapata duara la kama sentimita 12, yaani kisosi cha chai. Siyo mlango, siyo dirisha, kisosi. Na magamba mengi ya kisasa yana kikombe cha plastiki ndani kinachoyashika marisau kwa muda, hivyo duara linaweza kuwa dogo zaidi. Wapiga visahani wa Olimpiki wanaruhusiwa gramu 24 za marisau kulenga kisahani cha udongo cha sentimita 11 kinachoruka. Wana mamia ya vichembe kwa mlio mmoja. Wanakosa, tena hata wenye medali.

Kuhusu watu kurushwa. John Wick ina adabu kidogo hapa. Wengi wanaanguka palepale. Lakini muvi zilizotulea zilikuwa hazina aibu. Wakumbuka Terminator 2 ya 1991, Schwarzenegger akizungusha Winchester 1887 kwa mkono mmoja juu ya pikipiki? Kabla ya hapo, kule kwenye korido, anamrudisha adui nyuma hatua kwa hatua. Yule ni roboti wa chuma kimiminika, tumsamehe. Binadamu je?

Ganda la kawaida la marisau makubwa lina chembe 9, kila moja gramu 3.5 hivi, jumla kama gramu 32. Zinatoka kwa mita 400 kwa sekunde. Zidisha tungamo kwa kasi: 0.032 mara 400 ni karibu 13. Sasa chukua mpira wa miguu, gramu 430, upigwe shuti la mita 30 kwa sekunde. 0.43 mara 30 ni karibu 13. Zimelingana! Yaani msukumo wote wa shotigani ni shuti la penalti. Kipa akipigwa nalo kifuani anayumba, hajabebwa hadi wavuni. Mtu wa kilo 70 akiuzuia msukumo wote huo mwilini anapata mwendo wa chini ya mita 0.2 kwa sekunde, mdogo sana kuliko wa bibi anayetoka sokoni na ndizi kichwani. Na Newton hana upendeleo: msukumo uleule unarudi kwenye bega la mpigaji. Kama adui anaruka mita tatu, steringi naye aruke mita tatu.

Kwa nini basi mpira hauui? Kwa sababu nguvu ya kuumiza ni hesabu nyingine, ile ya nusu tungamo mara kasi kwa kipeo cha pili. Mpira unabeba kama jouli 190. Marisau yanabeba zaidi ya 2,500, tena kwenye eneo la kisosi. Yanachimba, hayasukumi. Adui wa kwenye muvi anaruka ili sisi tulio benchi la nyuma tuone kwamba amepatwa.

Na ule mlio wa kukoki, "cha-chak". Watengeneza sauti wanaupenda mno, wanaubandika hata kwenye bunduki zinazojikoki zenyewe. Kwenye pampu kama ya baba mdogo mlio ni wa kweli, lakini una gharama ambayo muvi haikwambii: kama ndani tayari kuna ganda zima, ukikoki tena linatupwa nje. Baba mdogo aliwahi kufanya hivyo gizani kumtisha mtu aliyekuwa anachungulia ghala. Mara moja, akaona haitoshi, akarudia ili isikike vizuri. Alikuwa amepewa magamba matano. Asubuhi alikuwa na manne, la tano akalitafuta kwenye tope hadi saa tatu, na mwajiri wake akamkata mshahara. Alinisimulia mwenyewe, akicheka, lakini si sana.

Hayo yote ningeweza kuyaacha yapite. Muvi ni muvi. Lawama yangu kwa John Wick, na kwa karibu kila muvi ya aina yake niliyowahi kuiona, ni nyingine: marisau yanayokosa yanapotelea wapi?

Angalia tena zile dakika za makaburini. Kila mlio unatoa chembe tisa. Kuta ni za mawe, adui ni wengi, mlio wa kwanza hadi wa mwisho huoni chembe hata moja ikienda kumdhuru mtu asiyekuwa kwenye mpango. Risasi za muvi zina heshima, zinakufa kamera inapohama. Muvi yenye uangalifu wa kuhesabu magamba kwenye bomba haina habari na chembe zilizotoka. Kwa Roma ya kwenye skrini labda hakuna neno. Ndandalo nyumba na migomba vimechanganyikana. Kutoka ukuta wa ghala unaona migomba, unafikiri ni shamba, kumbe nyuma yake kuna jiko la mtu.

Kuna kanuni ya zamani inayobeba jina la ofisa wa Kifaransa, Journée, inayokadiria marisau ya risasi yanafika wapi kwa mbali kabisa. Kwa vipimo vyetu ni kama mita 80 kwa kila milimita ya kipenyo. Sababu yake ni rahisi: chembe ndogo ina eneo kubwa la kukwaruzana na hewa ukilinganisha na uzito wake, inachoka haraka. Marisau ya ndege ya milimita 2.8 yanafika kama mita 220. Yale makubwa ya milimita 8.4, ambayo ndiyo anayopewa baba mdogo, yanakwenda kama mita 670 mtutu ukiinuliwa vya kutosha. Pima viwanja sita vya mpira, kimoja baada ya kingine. Mwishoni yamepoa, hayana nguvu ya kumwangusha mtu mzima. Kwa jicho inatosha.

Binamu yangu ana kovu kwenye bega la kushoto, dogo, kama chanjo. Alikuwa na miaka tisa, anachota maji. Mtu alikuwa anafukuza ngedere kwenye mahindi, upande wa pili wa migomba, kwa marisau madogo, na alikuwa na hakika kwamba kwa umbali ule hayafiki. Yalifika. Chembe moja tu, ikasimama chini ya ngozi. Yule mzee alikuja kuomba radhi na jogoo, yakaisha kwa amani, na hadi leo anasema hajui ilitokeaje, kwa sababu alilenga juu.

Nikampa baba mdogo habari ya viwanja sita kesho yake. Alinyamaza, halafu akauliza swali ambalo hakuna mhakiki wa sinema niliyemsoma aliyewahi kuliuliza: "Sasa tulivyofundishwa kupiga hewani kwanza, hewani ni wapi?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kinachopanda kitashuka, na kwamba kabla ya kujua unalenga nini inabidi ujue nyuma yake kuna nini. Akaniambia hayo ya pili aliambiwa siku ya mafunzo, iliyokuwa moja, ila baadaye aliona muvi nyingi zaidi ya mafunzo.

Kwa hiyo alama zangu ni hizi. Kwa mikono, John Wick: Chapter 2 naipa tisa kwa kumi, sijaona muvi nyingine inayoheshimu hivyo kazi ya kujaza bunduki. Kwa marisau naipa mbili. Mtafsiri wa kibanda chetu simpi kitu mpaka ajifunze kunyamaza.

Jioni ile, kabla hajaingia zamu, tulitembea na baba mdogo kutoka kwenye kiti chake cha ulinzi kuelekea upande ambao siku zote anautazama, tukihesabu hatua kwa sauti. Tulipita migomba. Hatua ya 143 tukakuta kamba ya nguo na kanga imeanikwa, mama mmoja akatusalimu, "Ugonile," ingawa jua lilikuwa linazama, akauliza tunapima kiwanja cha nani. Baba mdogo akamjibu kwamba hatupimi kiwanja. Tukarudi. Akakibeba kiti chake, akakihamishia kona ya pili ya ghala, ambako ukiangalia mbele unaona tuta la mfereji na nyuma ya tuta ni mpunga mtupu.