Juisi Nyekundu Haitengenezi Damu

Kuanzia Umoja hadi Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, mjamzito akiambiwa kliniki kwamba damu yake imeshuka, ushauri wa kwanza mtaani huwa juisi ya bitiruti, kwa kuwa ni nyekundu. Kwa maoni yangu, ushauri huo unatibu rangi na kuuacha upungufu wenyewe. Chembe nyekundu hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa, na mwenye kutoa agizo ni figo: zikihisi oksijeni imepungua, humwaga homoni ya erithropoietini, na uboho ukakaza kazi. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza chembe zaidi ya milioni 2 kila sekunde. Kila moja hujijaza himoglobini, hutema kiini chake, kisha huingia kwenye mzunguko na kuishi siku 120 hivi. Wekundu wa damu unatokana na himoglobini hiyo yenye chuma. Wa bitiruti ni betalaini, rangi ya mmea isiyohusiana na chuma.

Hesabu ya chuma ndiyo yenye mambo. Uboho hutumia miligramu 20 hadi 25 kwa siku, na karibu zote hutoka kwenye chembe kuukuu zinazovunjwa hasa na wengu na ini. Utumbo huongeza miligramu 1 au 2 tu, kiasi cha kufidia kinachopotea. Ujauzito huvuruga hesabu hiyo, maana mtoto, kondo na damu ya mama inayoongezeka vyote vinadai chuma, na pa kukipatia ni kupitia mlango huo mwembamba wa utumbo. Sasa tazama sahani ya ndengu na sukuma wiki iliyosindikizwa na kikombe cha chai: tanini za chai hukinasa chuma cha mboga kabla hakijafyonzwa. Chai ikisubiri saa moja au mbili, na kachumbari yenye ndimu ikakaa kando ya sahani, vitamini C hukirahisishia chuma njia. Nyama ya soko la Burma ingesaidia zaidi, lakini bei tunaijua.

Mtu atasema wapo waliokunywa bitiruti damu ikapanda. Sawa, ila mjamzito kwenye kliniki ya umma hupewa pia vidonge vyenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki, na sifa zote zikaenda kwa juisi. Nakubali kwamba bitiruti ina foliki, na chembe changa haziwezi kugawanyika bila foliki. Pingamizi zito ni kwamba vidonge hufunga choo na kutia kichefuchefu. Ni kweli, ila wengi huvistahimili wakivimeza usiku baada ya kula kidogo, na anayeshindwa amweleze muuguzi badala ya kuvificha kabatini. Tena upungufu mwingine hutokana na malaria, minyoo au selimundu, ndiyo maana kipimo hutangulia.

Kipimo chenyewe kinataka jicho la pili. Eastlands iko takriban mita 1,600 juu ya bahari, na hewa nyepesi huusukuma mwili kuongeza chembe. Shirika la Afya Duniani hushauri athari ya mwinuko itolewe kwenye hesabu. Mjamzito wa miezi ya mwanzo mwenye gramu 11.3 za himoglobini kwa desilita amevuka kiwango cha 11 akiwa Mombasa. Akiwa Kayole, huku Eastlands, bado hajakifikia.