Kitufe Kilichotunyima Vuta N'kuvute

Kura ya kitabu cha Septemba cha klabu yetu imekwisha na kila aliyemo kwenye kundi letu la WhatsApp ameyaona matokeo: kitabu cha Kiingereza cha mafanikio 13, Vuta N'kuvute 11, Peponi 9, Utengano 8. Mabishano ya kura hiyo sitayarudia. Ninataka kuchambua jambo moja tu, nalo ni ile dakika ambayo admini alitengeneza kura na kukizima kitufe kinachoruhusu majibu zaidi ya moja. Kitabu cha Septemba kilichaguliwa pale. Siku nzima iliyofuata, tulipokuwa tukibonyeza na kuhimizana, tulikuwa tunathibitisha tu uamuzi uliokwisha kufanyika.

Kabla sijaendelea, wenye haki yao wapewe: mapendekezo yalifungwa Ijumaa kama ilivyotangazwa, na dada wa hazina alihakikisha mapema kwamba vitabu vyote vinne vinapatikana madukani. Kazi safi.

Turudi kwenye kitufe. WhatsApp ilipoleta kura za kundi mwishoni mwa 2022, kila mpiga kura aliweza kuweka alama kwenye kila jibu analoliafiki. Uwezo wa kumbana mtu kwenye jibu moja uliongezwa mwaka uliofuata. Mpaka leo, ukitengeneza kura bila kugusa chochote, majibu mengi yanaruhusiwa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ilitokea bahati mbaya. Ili kura yetu iwe ilivyokuwa, ilibidi mtu akitafute kitufe kile na kukizima kwa mkono wake. Huo ni uamuzi, na mimi nausema kama nilivyouona: ulikuwa uamuzi mbaya kuliko wote uliowahi kufanywa katika klabu hii.

Hebu tazama vitabu vilivyokuwa mezani. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi inatupa Yasmin, binti aliyeozwa kwa mzee Raza pasipo kuulizwa moyo wake. Utengano ya Said Ahmed Mohamed inatupa Maimuna, binti anayefungiwa ndani na Bwana Maksuudi. Peponi ya Abdulrazak Gurnah, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, inatupa Yusuf, mtoto anayechukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Ni vijana watatu, kila mmoja akiishi katika nyumba ambayo neno lake halina uzito, na kila mmoja akiutafuta mlango. Zote ni riwaya za waandishi wa Zanzibar, na zote zinaitazama pwani na watu wake kwa jicho la ndani. Msomaji anayeipenda mojawapo ana kila sababu ya kuzipenda mbili zilizobaki. Upande wa pili kilisimama kitabu kimoja cha Kiingereza kuhusu mafanikio, peke yake, bila ndugu wa kugawana naye wasomaji.

Ukiruhusu jibu moja tu katika hali hiyo, umewalazimisha wapenzi wa riwaya kupigana wenyewe kwa wenyewe. Kura 28 kati ya 41 zilikwenda kwa riwaya, yaani zaidi ya theluthi mbili ya klabu ilitaka kusoma riwaya Septemba. Tumepata kitabu ambacho watu 28 hawakukichagua. Na ukiyasoma tena mazungumzo ya kundi kwa utulivu, utaona jinsi wapiga kura wa Peponi walivyokuwa wakiandika kwamba hata Shafi ni sawa kwao, na wa Utengano wakiandika kwamba Gurnah naye wangemsoma kwa furaha. Walikuwa na la kusema, lakini kura haikuwaachia mahali pa kulisema.

Fanyeni hesabu ndogo. Waliochagua Peponi na Utengano jumla yao ni 17. Wanane tu kati yao wangeruhusiwa kuweka alama ya pili kwenye Vuta N'kuvute, ingefika 19. Kile cha mafanikio kingehitaji kupata wapya sita ili kuifikia, na katika mazungumzo yote sikumwona hata mmoja wa upande wa riwaya aliyesema kitabu kile ni chaguo lake la pili.

Kilichoongeza uharibifu ni kwamba kura za kundi ni za wazi. Jina la kila mtu linaonekana chini ya jibu lake, hesabu inaonekana inavyopanda, na mtu anaweza kubadilisha kura yake mpaka mwisho. Waliopendekeza kile cha mafanikio walipiga mapema, usiku uleule kura ilipofunguliwa, kikaongoza tangu mwanzo. Wa riwaya walipoamka wakaona hatari, wakaanza kuhama ili waungane nyuma ya kitabu kimoja. Lakini waungane wapi? Ndugu mmoja alitoka Utengano kwenda Vuta N'kuvute, na saa hiyohiyo mwingine akatoka Vuta N'kuvute kwenda Peponi, wakapishana njiani. Watu wazima wenye akili zao wakaacha kujiuliza wanataka kusoma nini, wakaanza kubahatisha wenzao watapiga wapi. Kura inayomfikisha mtu hapo imeshindwa kazi yake, hata kama mshindi angekuwa kitabu nikipendacho.

Hoja ya admini naijua, aliiandika mwenyewe: kila mtu ana kura moja, na huo ndio usawa. Ndugu yangu, kumpa kila mtu alama mbili au tatu hakuvunji usawa, maana kila mtu anapewa nafasi ileile. Na tatizo kubwa zaidi la hoja hiyo ni kwamba inasahau tunachagua nini. Klabu haimtafuti bingwa wa vitabu. Inatafuta kitabu kimoja ambacho watu wengi iwezekanavyo watakinunua, watakimaliza na watakuja nacho kikaoni wakiwa na la kusema. Kitabu kinachopendwa mno na watu 13 na kuwachosha 28 ni kitabu kibaya kwa mwezi wa klabu, hata kama ni kizuri kwa hao 13 wakiwa majumbani mwao. Kitabu ambacho watu 25 wanakiona kinafaa, ingawa si cha kwanza moyoni mwa wengi wao, ndicho kinachojaza viti. Kura ya jibu moja haiwezi kukitambua kitabu cha namna hiyo. Inahesabu penzi la kwanza tu, na yaliyobaki yote inayatupa.

Wala huu si ugunduzi wangu. Katika karne ya 18 Mfaransa Jean-Charles de Borda aliliona tatizo hili kwenye chaguzi za wanachuoni, akapendekeza kila mpiga kura apange wagombea kwa daraja na kila daraja lipewe alama. Mwenzake Condorcet, katika kitabu chake cha 1785, alitaka wagombea wapambanishwe wawili wawili, ili anayewashinda wengine wote mmoja mmoja ndiye awe mshindi. Mwaka 1978 Steven Brams na Peter Fishburn wa Marekani walichapisha uchambuzi wa njia iliyo nyepesi kuliko zote mbili: mpe kila mtu nafasi ya kuweka alama kwa kila mgombea anayemkubali, kisha hesabu. Njia hiyo ya mwisho ndiyo iliyomo ndani ya simu zetu, bure, imeshawashwa tayari. Sisi tulikwenda kuizima.

Na hapa nitamkumbuka katibu wetu wa kwanza, mwalimu mstaafu ambaye wanachama wapya hawakubahatika kufanya naye kazi. Hakuwa na simu ya kupigia kura. Aligawa vikaratasi, kila mtu akaandika vitabu vyote kwa mpangilio, cha kwanza mpaka cha mwisho, yeye akakaa na daftari lake akijumlisha mbele yetu. Ilichukua nusu saa, na hakuna aliyenung'unika. Kwa njia hiyo tulisoma Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, tukasoma Kichwamaji ya Kezilahabi, tukasoma Kusadikika. Kichwamaji haikuwa ya kwanza kwenye vikaratasi vya wengi, lakini ilikuwa ya pili karibu kwa kila mtu, na kikao chake ndicho kirefu kuliko vyote tulivyowahi kukaa. Kura ya jibu moja ingeiua riwaya ile kabla hatujaifungua.

Alikuwa na sharti jingine ambalo tumeliacha life. Aliyependekeza kitabu alitakiwa kusimama na kutusomea ukurasa wake wa kwanza kwa sauti. Siku hizi mtu anabandika picha ya jalada na mistari mitatu, nusu yake ikiwa imenakiliwa kutoka nyuma ya kitabu. Karama wa Kusadikika, akiwa mshitakiwa mbele ya watu waliokwisha kumchukia, alisikilizwa habari za wajumbe wake sita, mmoja baada ya mwingine. Riwaya zetu tatu hazikupata hata dakika sita kwa pamoja. Nina hakika ukurasa wa kwanza wa Vuta N'kuvute, ukisomwa na mtu anayejua kuusoma kwa lafudhi ya Unguja, ungewahamisha watu kadhaa bila kampeni yoyote.

Nimeshaandika huko nyuma kuhusu vitabu vya mafanikio na sitachoka kuandika. Mtu akitaka kuvisoma, avisome, na wengine vimewasaidia kweli kupanga siku zao. Lakini kikaoni havina cha kuzungumzwa. Kitabu kimekwisha kukuambia ufanye nini, basi kilichobaki ni kila mtu kueleza kama amefanya au hajafanya. Hakuna mtu kama Denge wa Vuta N'kuvute wa kubishania kama siasa zake zilimpa haki ya kumwingiza Yasmin katika hatari. Hakuna Aziz wa kuuliza kama ukarimu wake ni ukarimu. Tulikwisha kukaa vikao vya vitabu vya namna hiyo, na mnakumbuka jinsi vilivyomalizika mapema.

Nimeandika pia kuhusu wanaochagua kitabu kwa kupima unene wake. Ndivyo Nagona ya Kezilahabi ilivyoingia mwaka mmoja, kwa sababu kurasa zake hazifiki mia, na watu wakaja kikaoni wamekasirika kwamba kitabu chembamba namna ile kimewashinda. Kezilahabi hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kumwendea bila kujiandaa. Safari hii nimesikia tena mtu akisema Vuta N'kuvute ni ndefu. Ni ndefu, ndiyo, na inakwenda mbio. Wengine walisema hawana haja ya kuisoma kwa kuwa wameona filamu ya Amil Shivji ya 2021. Filamu ni nzuri na ninaiheshimu, lakini aliyeiona ndiye hasa anayepaswa kuifungua riwaya, aone kilichobaki upande wa pili wa mlango.

Na kuhusu zile nakala za kupiga picha zinazosambazwa kundini kila kura inapoisha: acheni. Dada wa hazina ametafuta vitabu, maduka yapo, na kuna waandishi na familia zao wanaotegemea mauzo hayo. Huwezi kuwa mwanachama wa klabu ya vitabu huku unawanyima haki wanaoviandika.

Najua kuna watakaosema nataka kura irudiwe. Hapana. Watu wamekwisha kununua, na kubadilisha matokeo baada ya kutangazwa kungeleta ubaya mwingine. Septemba tutasoma kilichopita, nami nitakuja nimekisoma chote. Ila lisisemwe neno moja, kwamba klabu imeamua. Klabu ilitaka riwaya, kwa kura 28.

Kura ya Oktoba inafunguliwa baada ya kikao. Mliopiga Peponi na Utengano, pendekezeni tena, na mmoja wenu aisimamie Vuta N'kuvute kwa kuusoma ukurasa wake wa kwanza, hata kwa ujumbe wa sauti. Ndugu admini, kazi yako tunaithamini na hakuna anayetaka uiache. Tunakuomba mawili tu: utangaze kanuni ya kura kabla ya mapendekezo kufungwa, na kitufe kile ukiache kama ulivyokikuta.