Cheti Bila Alama ya Jinsia: Harakati za Audrey Mbugua na Upungufu wa Msamiati wa Kiswahili

Mnamo Oktoba 2014, Mahakama Kuu ya Kenya iliagiza Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua Ithibu cheti kipya cha mtihani wa kidato cha nne alioufanya mwaka 2001, chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Hoja ya Jaji Weldon Korir ilikuwa nyepesi kwa namna ya kushangaza: mitihani haisahihishwi kwa kuzingatia jinsia ya mtahiniwa, basi alama hiyo haihitajiki.

Mjuzi wa Kiswahili huielewa hoja hii mara moja, kwa kuwa ngeli ya A-WA haiulizi jinsia. Mtahiniwa alifaulu, sarufi haidai zaidi. Hapo ndipo hupata nguvu dai kwamba lugha hii, kwa maumbile yake, inawastahi wanaovuka jinsia. Dai hilo linapotosha. Kimya cha kiambishi si utambuzi, na hukumu yenyewe ilifuta alama tu. Haikumtangaza Mbugua kuwa mwanamke.

Tatizo hudhihirika kwenye nomino. *Huntha* ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsi zote mbili; sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wa kundi hilo. *Shoga*, ambalo kwa wanawake wa pwani bado ni rafiki wa kike, limehamishiwa kwa mwanamume anayependa wanaume. *Aliyebadili jinsia* hudokeza upasuaji. Hakuna linalomtaja mtu ambaye nafsi yake haiafikiani na jinsi aliyoandikishwa alipozaliwa. Hata tofauti ya *jinsi* na *jinsia*, inayosisitizwa vyuoni, hupotea mbele ya fomu yenye "Jinsia: Me/Ke".

Ubora wa kazi ya Mbugua ni kuliondoa suala kwenye mimbari na kulipeleka kwenye makaratasi: jina, cheti, kitambulisho. Asiye na cheti chenye jina lake huomba kazi kwa taabu. Julai 2014 shirika lake, Transgender Education and Advocacy, lilishinda kesi ya kukataliwa usajili. Udhaifu upo pia. Kusisitiza kwake kwamba suala hili lisichanganywe na mapenzi ya jinsia moja kulikuwa sahihi kiistilahi, ila kuliwaacha nje wale ambao jamii huwatukana kwa neno lilelile.

Hukumu zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Atakayezitafsiri atakwama kwenye jina la shirika, kabla hajafika aya ya kwanza.