Picha Nilizozitazama, na Moja Iliyoniletea Kesi



Wazazi wengi, khasa wa huko pwani kwetu, wakionana nami huniuliza: "Sheikh, picha hizi za televisheni ni halali au haramu?" Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu moja jepesi, nikilitoa upesi ili nirudi kwenye shughuli zangu. Nilisema: "Ziepukeni." Jibu hilo lilinitosha mimi, lakini halikumtosha hata mmoja aliyeniuliza, maana kila aliyeuliza alikuwa na televisheni nyumbani kwake, na akirudi aliikuta inawaka na watoto wamekaa mbele yake. Leo nataka kujibu kwa njia nyingine. Nitazitaja picha nilizozitazama mwenyewe, na nilivyoziona. Mimi si mjuzi wa sinema. Ni mzaliwa wa Tanga, na sasa ni mwalimu wa chuo hapa Igawa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, penye daraja la mto Mbarali. Na nyingi katika picha hizo sikuzichagua, bali nilioneshwa.

Wa kwanza kunionesha ni wenye mabasi. Atokaye Igawa kwenda Dar es Salaam hukaa kitini kutwa nzima, na juu ya kichwa cha dereva pana televisheni. Ukifumba macho, sauti yakufuata. Hivyo ndivyo nilivyozitazama picha za hapa kwetu, zikiwemo za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki mwezi wa Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu. Kijana yule alikuwa na kipaji. Akilia, abiria nao hulia. Mama mmoja aliyekaa ubavuni mwangu alilimenya yai lake Ruaha Mbuyuni akalila Mikumi, kwa jinsi alivyosahau. Lakini ninalolilaumu katika picha nyingi za namna hiyo si mavazi peke yake, ingawa mavazi nayo yana neno lake. Nyumba ni ya ghorofa, gari ni jipya, mke na hawara wanagombana sebuleni, na tangu Makambako mpaka Morogoro sikumwona mtu hata mmoja akienda kazini. Mali ile imetoka wapi? Picha haisemi. Kijana anayeng'oa magugu kwenye mpunga huku Usangu akiitazama, akirudi nyumbani atamtazama babake kama mtu aliyemnyima kitu.

Nikaikumbuka picha niliyoitazama Tanga nikiwa na umri wa miaka 13 hivi, Mother India. Ilitengenezwa mwaka 1957 na Mehboob Khan, na mama wa kisa kile alichezwa na Nargis. Sisi watoto tulikwenda kwa ajili ya nyimbo. Nyimbo zimenitoka zote, lakini daftari la Sukhilala halijanitoka. Huyu Sukhilala ni mla riba. Amewakopesha wakulima, na wakulima hawajui kusoma, basi kila mavuno yakija deni liko pale pale na nafaka imekwenda. Nimeisoma milango ya riba katika vitabu vya fiqhi kwa miaka, na nimeisomesha, lakini sura ya yule mama akijifunga nira ya jembe shingoni mwake ilinifahamisha kwa nini riba imetangaziwa vita. Hapa Usangu wako watu wanaopokea fedha wakati wa njaa na kuzilipa kwa magunia wakati wa mavuno, kwa hesabu anayoijua mkopeshaji peke yake. Sukhilala hajafa.

Na mwisho wa picha ile, mtoto wa mama yule, Birju, aliyekuwa akilipiza kisasi cha dhulma ile, anamuua mla riba kisha anamteka binti yake siku ya harusi. Mama anamwambia amwache. Asipomwacha, mama anampiga risasi mwanawe mwenyewe. Watu wale si Waislamu, na ndani ya picha mna mambo ya dini yao yasiyotuhusu. Lakini kusimamia uadilifu hata juu ya nafsi zetu na jamaa zetu, jambo tuliloamrishwa katika Suratin Nisaa, nililiona pale kwa macho nikiwa bado sijalifahamu kwa masikio.

Nirudi Igawa. Huku vijijini picha huoneshwa pia katika vibanda vya video, na humo picha ya kigeni huwa na mfasiri anayezungumza juu yake. Kazi hii ilipata sifa Dar es Salaam kwa Kapteni Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, na baada yake wametokea wengi. Nilikwenda kusikiliza siku moja kwa sababu kufasiri ndiyo kazi yangu. Nimefasiri vitabu vya Kiarabu kwa wanafunzi maisha yangu yote. Nikakuta mfasiri hafasiri. Mchina amesema maneno mawili, yeye kasema ishirini. Kaingiza jina la muuza chapati wa jirani, kaingiza matusi, na steringi ambaye kwa uso wake ni mtu mpole amegeuzwa mhuni wa stendi. Watu walicheka, nami, Mungu anisamehe, nilicheka mara moja kwa ajili ya yule muuza chapati. Lakini kufasiri ni amana. Ukimtilia mtu maneno ambayo hakuyasema umemshuhudia uongo, awe ni imamu katika kitabu au Mchina katika picha.

Sasa nije kwenye picha za Kiislamu, kwa maana hapa ndipo wazazi hupumzika. Wakisikia adhana katika televisheni huondoka sebuleni na kuwaacha watoto, kama mtu aliyewaacha msikitini.

Picha ya Risala ya Moustapha Akkad, iliyotoka mwaka 1976, wengi mmeiona. Aliitengeneza mara mbili, ya Kiarabu na ya Kiingereza, kila moja na wachezaji wake. Hakumuonesha Mtume (s.a.w.) wala hakuisikizisha sauti yake, mchezaji humsemesha mtu asiyeonekana. Pamoja na adabu hiyo, mwezi wa Machi 1977 huko Washington watu waliojiita Waislamu waliteka mateka karibu 150 katika majumba matatu, na mojawapo ya madai yao lilikuwa picha hiyo izuiliwe. Hawakuwa wameiona. Akkad mwenyewe aliuawa pamoja na binti yake huko Amman mwaka 2005, kwa mabomu ya watu waliodai kuipigania dini ambayo yeye aliitumikia kwa picha. Nayakumbuka hayo kila nikitaka kusema jambo juu ya kitu nisichokiona.

Lakini mimi nimeiona, na nina neno langu. Katika nakala ya Kiingereza, Sayyidna Hamza alichezwa na Anthony Quinn, Mkristo mzaliwa wa Mexico, mchezaji hodari kabisa. Uhodari wake ndio ulionidhuru. Tangu siku ile, kila nisomapo habari za Uhud, nikifika aliposhahidika ami yake Mtume, uso unaonijia ni wa Quinn. Nimesoma sira tangu utotoni na Hamza wangu hakuwa na uso. Alikuwa na haiba. Sasa ana masharubu ya Mmarekani. Nami nilikuwa mtu mzima nilipoitazama. Mtoto wa miaka 7, ambaye hajasoma hata ukurasa, atamjua Hamza yupi? Siiharamishi picha ile. Nasema, asomeshwe kwanza, ndipo aoneshwe.

Na hili ndilo lililoniletea kesi.

Tamthilia ya Waturuki ya Ertugrul, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2014 na kumalizika 2019, iliingia majumbani kwetu na kupendwa mno. Mimi sikuitazama. Niliona wanafunzi wangu wameanza kusimama wanapoingia wazee wao, na kuweka mkono kifuani wakisalimia, nikaambiwa wamejifunza katika Ertugrul, nikasema alhamdulillah, nikaendelea na kazi. Kisha jioni moja wanafunzi wangu watatu, wakubwa wao ana miaka 10, walimzingira mtoto wa jirani nyuma ya chuo. Walikuwa na fito walizozichonga kuwa panga. Mtoto yule ni Mkristo wa miaka 8. Wakamwambia yeye ni mtu wa msalaba na wao ni jeshi la Ertugrul. Fito ilimpasua juu ya jicho. Zahanati ikamshona nyuzi tatu, na mganga akasema ingeteremka kidogo tu jicho lingekwenda.

Baba wa mtoto huyo ni fundi baiskeli. Tulipoezeka chuo chetu alipanda juu ya paa pamoja nasi siku mbili, na hakupokea ila chai. Nilikwenda kwake baada ya Isha. Alinipa kiti, akakaa kimya, halafu akaniuliza: "Shehe, haya ndiyo mnayowafundisha kule?" Nikamwambia hapana. Nilisema kweli, lakini niliporudi nyumbani nilijua kuwa nimemjibu nusu. Mimi sikuwafundisha, lakini nilijua wanafundishwa na mwingine, na sikwenda kumsikiliza anasema nini.

Basi nikaazima, nikatazama. Nilitazama usiku kwa usiku, muda wa wiki tatu. Uzuri wake upo: heshima kwa mama, Bismillah kabla ya chakula, sheikh anayekaa na vijana na kuzungumza nao kwa upole. Lakini nilianza kuhesabu waliokatwa kwa upanga nikaacha kuhesabu. Huyu steringi hakosei. Akishuku mtu, mtu yule ni mwovu kweli. Akiua, aliyeuawa alistahili. Kila Mkristo ni jasusi au muuaji, ila yule atakayesilimu baadaye. Mtoto akikaa mbele ya mambo hayo mwaka mzima, akitoka nje akamkuta mtoto wa fundi baiskeli, amwone nani? Na historia yenyewe ni haba. Cha zama zile kinachomtaja Ertugrul ni sarafu ya mwanawe Osman yenye jina la baba. Visa vya ushujaa viliandikwa vizazi kadhaa baada yake, na mengi ya ndani ya tamthilia yametungwa na watunzi wa siku hizi. Hapana ubaya kutunga. Lakini nilipowauliza wanafunzi wangu kisa cha Sulhu ya Hudaybiya, mmoja tu alikijua. Nilipowauliza majina ya maadui wa Ertugrul, waliyataja yote, na walidhani ni katika sira.

Nilifikiri kuwapiga marufuku. Nikakumbuka yale majibu yangu ya zamani, nikaona hayatafaa. Badala yake nilitafuta picha nyingine ya Akkad, ya Omar al-Mukhtar, iliyotoka 1981, nikawaita chuoni Jumamosi baada ya Asri. Picha hiyo nayo ina ila zake. Vita vyake ni virefu, na fedha zake zilitoka kwa serikali ya Gaddafi, ambaye alikuwa na haja yake. Waitalia waliikataza nchini mwao mwaka 1982. Watawala wote hupenda picha inayotaja madhambi ya wengine. Na mchezaji ni Quinn yule yule. Lakini Omar al-Mukhtar hakuwa mfalme wala mwana wa chifu. Alikuwa mwalimu wa Qur'ani, na picha inaanza amekaa na watoto anawasomesha habari za mizani. Aliwapiga vita Waitalia kwa miaka 20 wakamnyonga mwezi wa Septemba 1931, mzee wa miaka zaidi ya 70.

Nakala niliyoipata ilikuwa ya Kiarabu, basi nikasimama kando ya televisheni nikifasiri. Nimekuwa Lufufu! Na nikayaona mashaka ya kazi ile, maana mara mbili nilijikuta nikiongeza maneno ya wasia ambayo Omar hakuyasema, nikajirudi.

Ikafika pale wapiganaji walipomkamata ofisa kijana wa Kiitalia, mmoja akataka auawe kwa kuwa Waitalia huua mateka. Omar akakataa, akisema hao si walimu wao. Akampa kijana yule bendera yake arudi nayo. Watoto walitulia. Kisha yule mkubwa, mwenye fito, akauliza: "Maalim, kwa nini hakumuua?" Nikamwambia asubiri aone. Akasema: "Lakini angeweza." Nikamwambia ndiyo, angeweza.

Umeme ukakatika kabla hatujafika kwenye kunyongwa kwake. Wakapiga kelele, wakataka niwahadithie mwisho, nikakataa. Jumamosi ya pili walikuja kabla sijamaliza kutandika mikeka, na mtoto wa fundi baiskeli alikuwa miongoni mwao, ameletwa na kaka yake mkubwa aliyesimama mlangoni mpaka picha ikaisha, hakutaka kukaa. Miwani ya mzee ilipoanguka chini na yule mtoto wa kwenye picha akaiokota, wanafunzi wangu wakaanza kubishana ni nani atakayeivaa.