Ramani Isiyo na Rangi ya Matongo

Leo naiweka kando riwaya, nahakiki ramani. Wapo watakaosema huo ni uhakiki wa kulazimisha, kwamba ramani ni kazi ya wataalamu wa takwimu na sisi watu wa fasihi tungebaki na mashairi yetu. Mimi naona ramani ni andiko kama andiko lingine. Ina mwandishi na msamiati wake, na ina mambo inayoyasema kwa sauti na mengine inayoyanyamazia. Hebu tuisome hivyo.

Ramani ninayoizungumzia ni ile ya mtawanyiko wa watu, ya aina inayochorwa kutokana na Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Wilaya zimepakwa rangi. Penye watu wengi kwa kilomita ya mraba rangi imekolea, penye wachache imepauka. Nimeisoma nikiwa na jicho la mtu wa Mara, yaani nilianza kwa kuitafuta Musoma, nikashuka Bunda, nikarudi Butiama.

Nianze na sifa, maana zipo. Sensa ile, iliyohesabu watu kwa kigezo cha walipolala usiku wa kuamkia Agosti 23, ilifanyika kwa vishikwambi, na pamoja nayo zikaja sensa ya majengo na kazi ya anwani za makazi. Tanzania ikapata watu 61,741,120. Mkoa wa Mara, uliokuwa na watu 1,743,830 mwaka 2012, ukafika 2,372,015. Ukitaka kujua wapi pa kujenga zahanati au kuongeza madarasa, hakuna kitabu kitakachokusaidia kuliko hiki. Katika hilo sina ubishi.

Shida inaanza kwenye lugha yake. Rangi ya wilaya ni wastani, na wastani ni msimuliaji mvivu. Chukua Wilaya ya Serengeti. Sehemu kubwa ya eneo lake ni hifadhi ambamo hakuna mwanakijiji anayeruhusiwa kujenga hata banda la mbuzi. Ukigawa watu wa wilaya kwa eneo lote, rangi inapauka, na msomaji wa mbali anadhani watu wa huko wana ardhi ya kumwaga. Kumbe wamebanana upande mmoja. Bunda nayo ina sura hiyohiyo kwa kiasi chake: huku ziwa, huku barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma iliyojaa nyumba, na upande wa mashariki nchi ya wanyama. Rangi moja haiwezi kubeba sura tatu.

Halafu kuna neno kaya. Sensa inahesabu watu wanaoishi na kula pamoja. Sasa njoo Butiama ya zamani, kwa Mtemi Burito Nyerere, baba yake Mwalimu, aliyekuwa na wake 22. Mji kama ule ulikuwa mmoja kwa jina na kwa heshima ya mzee, lakini ulikuwa na nyumba nyingi na majiko mengi. Je, pale pana kaya moja au ishirini na mbili? Karani hana budi kuchagua, na lolote atakalochagua, ramani ya makazi itabadilika. Mwenye mji mwenyewe hakuwahi kuulizwa swali hilo kwa namna hiyo. Silaumu karani. Nasema tu kwamba kabla ya rangi kupakwa, tafsiri ilishafanyika.

Wapo waliojaribu lugha nyingine. Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyekuja huku tangu enzi za Wajerumani, mwaka 1936 alichapisha ramani ya watu wa Tanganyika kwa kutumia nukta. Kama msanii namvulia kofia. Nukta hazijali mipaka ya wilaya. Zinajikusanya kandokando ya ziwa, zinapanda milimani, zinafuata pwani, zinaacha katikati ya nchi peupe. Ukiitazama unaona kabisa hoja yake, kwamba watu wanafuata maji. Ni ramani yenye simulizi, jambo ambalo rangi za wilaya hazina.

Lakini ndipo hapo Gillman anaponikwaza. Ile nyeupe yake inasomeka kama kazi ya maumbile: hakuna maji, kuna mbung'o, basi hakuna watu. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu ikolojia na historia ya uchumi ya Afrika Mashariki, aligeuza hoja hiyo. Sotoka iliyoua ng'ombe miaka ya 1890, njaa, ndui na vita vya ukoloni ndivyo vilivyopunguza watu na mifugo. Watu walipoondoka, pori likarudi, na mbung'o akafuata pori. Kwa hiyo mahali peupe pa 1936 pengine palikuwa na moshi wa majiko miaka hamsini nyuma. Ramani imeona matokeo, ikayaita chanzo.

Na peupe hapabaki karatasini. Mahali panaposomeka kuwa hapana mtu panaombewa kazi nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na baadaye yakaja mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo. Novemba 1973 Mwalimu, mwana wa Butiama mwenyewe, akatangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na familia zilizokuwa zimetawanyika nchi nzima zikasogezwa kwenye vijiji vilivyopangwa. Nyumba zilizojipanga barabarani leo, nyingine zilifuata biashara, nyingine zilifuata amri. Ramani inazipaka rangi moja.

Kuna neno la Kiswahili linalokosekana kwenye ufunguo wa ramani hizi: matongo. Ni mahali palipokaliwa, watu wakahama, pakabaki mawe ya mafiga na miti iliyopandwa na mtu. Nyumbani kwa kina Nyerere pale Butiama panaitwa Mwitongo, jina lenye undugu na neno hilo. Yaani makazi mashuhuri kuliko yote mkoani Mara yanabeba kwa jina lake kumbukumbu ya waliowahi kukaa na kuondoka. Wazanaki waliliona jambo hilo kuwa la kutajwa. Wachora ramani hawajaliona bado.

Atakayenijibu kuwa ramani ya sensa si kitabu cha historia, namwelewa. Ila ramani ya leo ndiyo inayowekwa mezani siku ya kuamua nani apate eneo na nani asogee. Mzee anayesema "babu zangu wamezikwa kule porini" anakuja na maneno, mwenzake anakuja na karatasi yenye rangi. Tunajua kikao kinaegemea wapi.

Dawa ipo, tena si ya gharama. Jan Bender Shetler alikusanya historia za Mara kusini zilizoandikwa kwa Kiswahili na wenyeji wenyewe, akazichapisha mwaka 2003 katika Telling Our Own Stories, kisha mwaka 2007 akatoa Imagining Serengeti, kuhusu namna wazee wanavyokumbuka nchi yao kwa kutaja mahali baada ya mahali. Majina hayo ni data. Kwa kuwa majengo sasa yamehesabiwa moja moja, ramani ya nukta inawezekana kuliko wakati wa Gillman. Ongeza juu yake alama ya tatu, ya matongo, na jina la mahali kama wenyeji wanavyolitaja, na mwaka watu walipohama pale unapojulikana.

Kwa sasa ushauri wangu kwa msomaji ni mdogo. Ukiipata ramani ya sensa, usiisome peke yake. Iweke mezani na vitabu hivyo viwili vya Shetler, uweke kidole Bunda, kisha usogee mashariki polepole kuelekea kule kunakopauka. Soma majina kwenye kitabu kila unapokuta peupe kwenye ramani.